Kutibu kutu ya chasisi na ukuta wa injini kwenye Land Rover 109: mwongozo kwa gereji za Mwanza

Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari, na ndiyo maana wengi Mwanza huamini kwamba Landi ya zamani iliyokulia huku haiwezi kuoza kama iliyotoka Tanga au Dar es Salaam. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kutu hutaka maji na hewa tu. Chumvi huiongezea kasi. Na hata chumvi ipo. Gari lililobeba kayabo au sangara wa barafu miaka nenda miaka rudi limevujiwa maji ya samaki kila safari, yakipenya kwenye matundu ya sakafu ya nyuma na kutua juu ya chasisi. Mengine yalizoea kuingizwa ziwani kuoshwa. Maji yalitoka, lakini mchanga na tope laini vilibaki ndani ya mihimili, yaani zile boksi mbili ndefu za chasisi, na tope hilo hushika unyevu hata Agosti.

Maelezo haya ni ya 109 (inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ingawa mwenye Series II au IIA ataona karibu mambo yaleyale. Bodi yake ni aloi ya alumini. Land Rover ya kwanza ilipozinduliwa mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Kwa hiyo kinachooza ni kile kisichoonekana: chasisi, ukuta ulio kati ya injini na dereva, na fremu za milango. Gari linaweza kung'aa barabarani Kenyatta huku mikono inayobeba bodi imebaki karatasi.

Kwanza: tafuta chuma kizima kinaanzia wapi

Osha chini ya gari kwa maji ya presha, liache likauke siku 2, kisha kwangua lami yote. Lami ndiyo mficha maovu mkuu wa gereji zetu: ikishapakwa juu ya kutu, hufunga unyevu ndani, na kutu huendelea kula kimyakimya.

Chukua nyundo ndogo ya gramu 300 hivi, gonga mhimili kila sentimita 5 huku umesikiliza. Chuma kizima hulia, nyundo ikaruka mkononi. Kilichooza hutoa sauti butu kama unagonga gunia la udongo, na nyundo hutua palepale. Ukifika penye sauti hiyo, sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikibonyea au ikitoboa, weka alama ya chaki. Endelea kugonga kuelekea pande zote hadi mlio urudi, halafu chora mstari sentimita 2 hadi 3 zaidi ya hapo. Huo ndio mstari wa kukatia. Usikatie ukingo wa tundu unaloliona.

Kagua hivi, kuanzia panapooza zaidi:

- Boriti ya nyuma, hasa uso wa chini na pembe zake mbili.
- Mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba miguu ya ukuta wa injini. Tope la matairi ya mbele hurundikana juu yake.
- Pleti ya chini ya mhimili, nyuma ya tairi za mbele na pale mhimili unapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma.
- Vishikio vya springi, mbele na nyuma.
- Sehemu za kukanyagia kwenye ukuta wa injini (pale miguu ya dereva na abiria inapokaa), miguu ya nguzo za milango, na pembe mbili za juu chini ya kioo.

Ndani ya mhimili ingiza simu au kamera ndogo ya waya kupitia matundu ya kiwandani. Magamba yaliyopandana kama maganda ya kitunguu maana yake pleti imeliwa kutoka ndani, hata kama nje bado ina rangi. Mihimili ilikuwa na unene wa karibu milimita 2. Penye shaka toboa tundu la milimita 4, ingiza mdomo wa kipimo, upime. Chini ya milimita 1.5, kata.

Kuna mahali pa kusema hapana. Kama vishikio vya springi vya mbele vimeoza pande zote mbili, na mihimili yote miwili imeoza juu ya ekseli ya nyuma, gari hilo linahitaji chasisi nyingine. Kazi ya viraka hapo itagharimu karibu sawa, na bado hutajua gari linaelekea wapi ukikanyaga breki.

Kabla ya grenda kuwashwa, tafuta namba ya chasisi. Kwenye Series III imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi. Isafishe kwa brashi ya waya ya mkono, ipige picha, na ulinganishe na kadi ya gari. Usiipitishie grenda wala usiifunike kwa kiraka. Ikiwa kipande chenyewe ndicho kimeoza, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza, maana gari lisilo na namba ni kesi hata kama ni la marehemu babu yako.

Pili: simamisha gari lisiweze kupinda

Gereji nyingi zina sakafu ya udongo, na stendi yenye miguu myembamba huzama polepole, upande mmoja kuliko mwingine. Weka mbao ngumu za unene wa sentimita 5 chini ya kila stendi. Tofali la kuchoma halifai kabisa. Hupasuka bila onyo. Tumia stendi 6: mbili mbele, mbili katikati chini ya mihimili, mbili karibu na ekseli ya nyuma. Unapokata mhimili, stendi ziwe pande zote mbili za mkato.

Kupata usawa, tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi: mpira angavu wa mita 6, umejaa maji bila mapovu. Shika ncha moja kwenye bolti ya chasisi upande wa kulia na nyingine kwenye bolti ileile upande wa kushoto. Maji hayadanganyi. Rekebisha jeki hadi pande zote zilingane, kisha pima pembe kwa pembe: kutoka bolti ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Andika vipimo kwenye mlango kwa chaki. Tofauti ikizidi milimita 5 kabla hujakata chochote, pengine gari liliwahi kugongwa, na hilo linatakiwa kunyooshwa kwanza.

Acha bodi ikiwa imefungwa kadiri inavyowezekana, maana ndiyo kalibu yako. Kata mkono mmoja, uchomelee, ndipo uguse wa pili. Fundi anayekata mikono yote asubuhi ili amalize haraka atakuta jioni milango haifungi.

Tatu: ondoa vinavyowaka

Toa tangi la mafuta, lipeleke mbali, mahali ambapo upepo hautoki kwake kuja kwako. Usichomelee karibu na tangi lililomo garini, liwe na mafuta au tupu. Tupu ndilo hatari zaidi kwa sababu limejaa mvuke. Toa viti, mazulia, waya zinazopita ndani ya mhimili, na paipu za breki eneo la kazi. Paipu za chuma zenye kutu usizirudishe, weka mpya. Chomoa betri na nyaya za oltaneta. Klampu ya ethi (ule waya wa mashine ya kuchomelea unaorudisha umeme) ifungwe kwenye chuma kilichosafishwa sentimita 30 kutoka unapochomelea. Ikifungwa mbali, umeme hupitia kwenye bearing za magurudumu au za gia na kuziunguza.

Mhimili uliowahi kujazwa oili chafu utawaka ndani kama utambi. Kwangua, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kausha. Ndoo ya mchanga, ndoo ya maji na mtu wa kuangalia ndani ya gari viwepo muda wote. Kaa naye nusu saa baada ya kuzima mashine. Zulia hufuka taratibu.

Vifaa

Kwa kazi ya kawaida, yaani mikono 2, boriti ya nyuma, sehemu 2 za kukanyagia na viraka vya mhimili vya jumla ya mita 1, nunua nusu shiti nyeusi ya geji 14 (milimita 2, futi 4 kwa 4, uzito wake kama kilo 23) na nusu nyingine ya geji 18 (milimita 1.2) kwa ukuta wa injini. Boriti ya nyuma iliyokwisha kukunjwa ikipatikana, inunue. Kama haipo, peleka vipimo kwenye karakana yenye mashine ya kukunja bati huko Nyakato. Kuikunja kwa nyundo juu ya reli huacha pembe za mviringo ambazo haziketi vizuri.

Bati la kuezekea lisiguse gari. Ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Maziwa wanayokunywa wachomeleaji hayazuii hilo. Kinachosaidia ni kukwangua zinki na kuchomelea penye hewa.

Pleti ya mm 5 nayo ina mashabiki: "tuweke nene, isioze tena." Pleti nene iliyounganishwa na nyembamba haipindi pamoja nayo, na ufa hutokea pembeni mwa weldi, kwenye chuma cha zamani. Lingana na unene wa awali.

Ongeza diski za kukatia za milimita 1 (15 hivi), diski za msasa za kupangana 6, brashi za waya za grenda 2, klampu 6 au zaidi, elektrodi (fimbo za kuchomelea) E6013 za milimita 2.0 na 2.5, lita 1 ya dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, lita 2 za praima ya zinki, lita 4 za rangi nyeusi ya chasisi. Elektrodi zikae kwenye dumu lenye mfuniko. Karibu na ziwa zilizoachwa wazi hunyonya unyevu, na weldi hujaa vitundu kama mkate.

Nne: kata na uweke kiraka

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, kwa hiyo tulia.

Kwenye mhimili, mara nyingi kinachooza ni pleti ya chini, mbavu, yaani pleti za ubavuni, zikiwa bado nzima. Kata pleti ya chini peke yake, si zaidi ya sentimita 30 kwa mara moja, na mhimili wa upande wa pili uwe haujaguswa. Ncha za mkato zikae kwa mshazari wa nyuzi 45. Mstari wa weldi unaokatiza mhimili wima, kutoka ukingo hadi ukingo, ni mstari uliochorewa ufa: kila shimo la barabara huuvuta palepale.

Baada ya kufungua, toa tope kwa kipande cha bati na brashi. Utashangaa, mhimili mmoja unaweza kutoa karai zima. Kwangua ndani hadi chuma cheupe sentimita 3 kutoka ukingo, kwa sababu weldi haipendi kutu hata ya upande wa pili.

Tengeneza kiolezo cha karatasi ngumu ya boksi, kijaribu, ndipo ukate chuma. Kiraka kiwe na pembe zilizoviringwa kwa milimita 10 hadi 15; pembe kali hukusanya mvutano na kupasuka. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 1.5 kuzunguka ili weldi ipenye hadi ndani. Kiraka kikae sawa na uso wa mhimili. Kukilaza juu ya chuma kilichooza ni njia ya mkato maarufu, lakini kutu hubaki kati ya pleti mbili. Na kwa kuwa kutu hufura kuliko chuma ilichokila, baada ya misimu michache kiraka kinatunishwa nje kama andazi.

Shikiza kwa nukta za weldi kila sentimita 3 au 4, moja upande huu, inayofuata upande wa pili. Pima tena pembe kwa pembe. Kama vipimo havijasogea, jaza kwa vipande vya sentimita 2: choma kimoja, ruka mbali, rudi pale unapoweza kuweka kiganja bila kukiondoa. Ukinyoosha mstari mmoja wa sentimita 30 bila kupumzika, chuma kikipoa kitajivuta na mhimili utapinda kama ndizi. Hilo halirekebishwi kwa nyundo.

Kwa mashine ya elektrodi, 2.5 hufanya kazi kwa ampea 60 hadi 90 kwenye milimita 2. Kwenye geji 18 tumia 2.0 kwa ampea 40 hadi 60. Inveta ya DC ni bora. Weka elektrodi kwenye hasi ili chuma chembamba kisitobolewe. Umeme ukishuka jioni, weldi hulala juu bila kupenya: inaonekana nene na nzuri, ukigonga inabanduka. Ikitokea, ahirisha hadi asubuhi. Mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya na gesi, yenye waya wa milimita 0.8 ni raha zaidi kwenye ukuta wa injini, ila upepo wa ziwani wa mchana hupeperusha gesi yake. Funga turubai upande wa ziwa au fanya kazi mapema.

Weldi inapotoboa pembeni mwa kiraka, fundi hupunguza ampea, kisha hupunguza tena, kisha hujaza matone juu ya matone. Tatizo si ampea. Hujafika kwenye chuma kizima. Zima mashine, rudi na nyundo, kata sentimita 2 zaidi.

Mikono na boriti ya nyuma

Bolti ndefu inayoshika mguu wa ukuta wa injini kwenye mkono haitoki. Ilowekee mafuta ya kulainisha usiku mzima, na isipotoka ikate pande zote mbili. Usiipige nyundo, mguu wa ukuta nao umedhoofika na utang'oka. Kabla ya kukata mkono, beba mguu huo kwa jeki na kipande cha mbao, bila kuunyanyua. Funga bomba la mraba la milimita 25 katika uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili uwazi usibadilike. Mkono mpya ufungwe kwanza kwa bolti kwenye mguu, mlango ujaribiwe kufunga, ndipo uchomelewe kwenye mhimili. Wanaochomelea kwanza hutumia wiki nzima kupiga mlango rungu.

Boriti ya nyuma hubeba bodi na kuvuta tela, kwa hiyo isichomelewe kwenye ncha za mihimili zilizochakaa. Mara nyingi sentimita 15 hadi 20 za mwisho wa kila mhimili nazo zimekwisha. Ziongezee kwa vipande vya umbo la U vinavyoingia ndani kidogo, mkato ukiwa wa mshazari. Pima kutoka kishikio cha springi hadi boriti, kulia na kushoto, kabla ya nukta ya kwanza.

Ukuta wa injini

Sehemu ya kukanyagia ni shiti nyembamba na inaonekana, kwa hiyo hapa uvumilivu unalipa kuliko nguvu. Kata sehemu yote hadi penye chuma kizima. Kuchomeka kiraka kidogo katikati ya uozo ni kazi ya miezi sita. Nguzo ya mlango ikiwa imeoza chini, itibu kabla ya sakafu, maana sakafu hushikamana nayo.

Baada ya kusaga weldi na chuma kupoa kabisa, jaribu kwa chaki na mafuta ya taa. Paka chaki iliyosagwa na maji upande wa nje wa mshono, ikauke iwe nyeupe. Ndani, paka mafuta ya taa kwa brashi. Subiri dakika 15. Penye tundu lisiloonekana kwa macho, doa la kijivu litajitokeza kwenye chaki. Liwekee alama, futa mafuta yote, osha kwa sabuni, kausha, rudia weldi. Puti isitumike kuziba matundu. Puti hunyonya maji.

Rangi na nta

Chuma kilichosagwa asubuhi kikiachwa wazi usiku karibu na ziwa, alfajiri kina rangi ya chungwa. Praima ipigwe siku ileile kabla ya jua kuzama. Masika na vuli fanya vipande vidogo: saga, paka, funika.

Dawa ya kutu ya asidi hutumika pale tu ambapo kuna kutu nyembamba isiyofikiwa na brashi. Haifanyi kazi juu ya magamba, na isipakwe mahali utakapochomelea. Baada yake, praima ya zinki tabaka 2, kisha rangi ya chasisi tabaka 2, kila tabaka likauke kadiri kopo linavyoelekeza.

Joto la weldi huunguza kinga yote ya ndani ya mhimili, mahali brashi haifiki. Subiri siku 4 rangi ya nje ishike, ndipo upulizie nta ya chasisi ndani. Tumia mpira mwembamba wa mita 1 uliotobolewa pembeni kwenye ncha, ingiza hadi mwisho, vuta polepole huku ukipuliza. Lita 3 hutosha mihimili yote. Nta isipopatikana, grisi iliyolainishwa kwa oili mpya ya injini inafaa, ila rudia kila mwaka na kinga bushi za mpira. Oili chafu ina asidi na masizi ya injini, na ni mbaya kwa ngozi yako pia.

Fungua matundu yote ya kutolea maji yaliyo chini ya mihimili. Nta na rangi huyaziba. Zibua kwa waya siku inayofuata. Ukiweka kiraka mahali palipokuwa na tundu, toboa jipya la milimita 10 palepale.

Kurudisha bodi

Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Ule unga mweupe kwenye kingo za bodi ndio huo. Kila mahali viwili hivyo vinapokutana, paka praima pande zote mbili na weka utepe wa plastiki. Tyubu ya baiskeli imezoeleka, lakini mpira mweusi una masizi ya kaboni yanayoweza kupitisha umeme. Plastiki ya dumu la mafuta ya kula, iliyokatwa utepe wa sentimita 3, ni bora na ni bure. Zulia na gunia huhifadhi maji, visiwekwe kabisa. Bolti ziwe zilizopakwa zinki, riveti za alumini.

Rudisha paipu za breki, toa hewa, kanyaga pedali kwa nguvu dakika 2 na mwenzako aangalie viungo vyote chini kwa tochi. Safari ya kwanza iwe fupi na ya lami, mfano hadi Kisesa na kurudi. Kaza bolti zote za bodi na springi baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500. Mara hizo mbili, angalia ncha za kila kiraka: mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi mpya ni ufa, na unatakiwa kusagwa na kuchomelewa upya kabla gari halijabeba mzigo.